Waliobaki Singapore



Kamati ya jubilei ilinipa kurasa chache za kijitabu hiki na kuniomba niandike habari za historia. Historia ya kwaya yetu ameiandika katibu, na ameiandika vizuri. Sina la kuongeza ila kwamba majoho ya kwanza yalikuwa ya kijani wala si ya samawati, na wazee waliokuwapo watanishuhudia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niwapeleke mbali kidogo, hadi Singapore.

Jina hilo si geni kwetu. Kila msimu wa kampeni tunaahidiwa kwamba nchi yetu itafanywa kuwa Singapore. Tumeambiwa hivyo mara nyingi hata watoto wa shule ya Jumapili wanajua kwamba huko kuna bandari kubwa, nyumba ndefu na pesa nyingi. Lakini sijamsikia hata mmoja wa hao wanaoahidi akituambia watu wa huko walisali vipi, nani aliwafundisha kuimba, na kanisa lao lilifanya nini siku ambayo pesa zote zile hazikuweza kumwokoa mtu. Mimi nilifundisha historia darasani, nikaimba besi katika kwaya hii kwa miaka mingi kuliko niliyoshika chaki, na naona habari hizo zinatuhusu kuliko zile za bandari.

Singapore ni kisiwa kinachozidi Kaunti ya Nairobi kwa ukubwa kidogo tu. Mwaka 1819 Mwingereza Stamford Raffles, mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki, aliweka hapo kituo cha biashara na kutangaza kwamba bandari itakuwa huru, meli zisitozwe ushuru. Habari kama hiyo haikawii kufika. Walikuja Wachina wa kusini, Wahindi, Wabugis wenye mashua zao, na Waarabu wa Hadhramaut, jamaa za wale wale tunaowajua Mombasa na Lamu. Na kwa kuwa serikali haikutoza ushuru bandarini, sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwenye leseni za kuuza kasumba. Ndivyo mji ulivyoanza. Kila mtu alikuja kupata chake aende zake.

Kanisa la zamani kuliko yote yanayosimama huko lilijengwa na wafanyabiashara Waarmenia, mwaka 1835. Walikuwa watu wachache mno, pengine wasingejaza viti vya kwaya yetu pamoja na ya vijana, lakini walichanga. Jengo lao jeupe la Mtakatifu Gregori lingali pale katikati ya mji, limezungukwa na majengo marefu. Jamii yenyewe imekwisha kutawanyika, na ibada hapo si za kila wiki.

Hata wamisionari walikuwa wapita njia. Chama cha Wamisionari cha London kiliwatuma watu wake Singapore tangu 1819, lakini macho yao yalikuwa China, ambayo ilikuwa imefungwa kwa wageni. Walipiga chapa vitabu vya Kichina, wakajifunza lugha, wakangoja. Baada ya vita vya kasumba na mkataba wa 1842, bandari za China zikafunguliwa, na chama kikaamua kuhamisha kazi yake yote huko. Ilipofika 1847 walikuwa wamefunga mizigo.

Mmoja akakataa kwenda. Benjamin Keasberry alikuwa amefungua kanisa dogo mwaka 1843 kwa ajili ya watu waliosema Kimalay, na hakuona jinsi ya kuwaacha. Alijiuzulu chama, mshahara ukakoma, akaishi kwa kazi ya kupiga chapa na kufundisha shule. Wavulana wa shule yake walijifunza kusoma asubuhi na kupanga herufi mchana. Katika kiwanda hicho, mwaka 1849, ilichapwa tawasifu ya Abdullah bin Abdul Kadir, mwalimu Mwislamu aliyekuwa rafiki na mwalimu wa lugha wa Keasberry. Wasomi wa Kimalay wanaihesabu hadi leo miongoni mwa vitabu vikuu vya lugha yao. Keasberry mwenyewe alitafsiri Agano Jipya. (Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba kanisa lile lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili Krapf alipotua Mombasa, 1844, naye akaanza na kazi ile ile ya kujifunza lugha ya wenyeji.) Mwaka 1875 Keasberry alianguka akiwa anahubiri katika kanisa lake hilo, akafa. Kanisa lipo, sasa ni la Wapresbiteri, katika barabara ya Prinsep. Wazee wa mji walikuwa wakiliita tu kanisa la Keasberry.

Wa pili ninayempenda katika karne hiyo ni Sophia Cooke. Alifika 1853 kusimamia shule ya wasichana Wachina iliyoanzishwa 1842, shule iliyopokea watoto ambao wengi wao walikuwa wameuzwa au kutupwa. Wanawake wa kimisionari wa siku zile mara nyingi walikaa miaka michache, wakaugua au wakaolewa. Huyu alikaa miaka 42, hadi kifo chake 1895. Jioni alikuwa na darasa la Biblia kwa mabaharia na askari, watu ambao bandari ilikuwa imewapangia starehe za namna nyingine kabisa. Wamethodisti walikuja 1885, na mwaka uliofuata William Oldham akafungua shule yenye wavulana 13 ambayo leo ni miongoni mwa shule zenye majina makubwa kisiwani. Hilo nalipita haraka, kwa maana Wamethodisti hawajawahi kukosa mtu wa kuwaandikia historia.

Nisiseme habari za Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea bila kutaja kuta zake. Kanisa la kwanza lilipigwa na radi mara mbili, 1845 na 1849, likafungwa na kubomolewa. La sasa lilijengwa kuanzia 1856 na wafungwa walioletwa kutoka India. Fedha zilikuwa chache, hivyo wakapaka kuta lipu ya namna ya Madras: chokaa iliyopondwa pamoja na ute mweupe wa mayai na sukari guru, kisha maji yaliyolowekwa makumbi ya nazi. Walisugua mpaka ukuta ukang'aa. Katika miaka hiyo ulienea uvumi mjini kwamba serikali inawinda vichwa vya watu kwa ajili ya pepo wa kanisa lile, na watu wakaogopa kutoka usiku. Mtu aliyelelewa na hadithi za mumiani hana haja ya kuelezwa zaidi. Ibada ya kwanza ilifanyika Oktoba 1861. Wanaume walioijenga nyumba hiyo hawakuwa Wakristo, tena hawakuwa huru.

Mpaka hapo kanisa lilikuwa la wageni wanaowahudumia wageni wengine. Lililobadilisha mambo ni majuma mawili ya mwaka 1935. Mhubiri John Sung, mtoto wa mchungaji kutoka Fujian, alikuwa na shahada ya uzamifu katika kemia kutoka chuo kikuu cha Ohio State, Marekani, akaiacha kazi hiyo akarudi China kuhubiri. Mwishoni mwa Agosti 1935 alifika Singapore, akahubiri mara 40 katika siku 14 kwenye kanisa la Kimethodisti la Wachina, Telok Ayer. Alihubiri kwa sauti kali, aliruka jukwaani, alifundisha vibwagizo vifupi vinavyoshika kichwani. Zaidi ya watu 1,000 walikiri imani. Hayo tumeyaona pengine. Wazee wetu wa uamsho watakumbuka kwamba mkutano wa Kabete ulikuwa 1937, na kilio cha toba kilikuwa ni kimoja. Ninachotaka mkione ni alichofanya Sung kabla ya kuondoka. Aliwagawa waliookoka katika vikundi vya watu wawili au watatu, kila kikundi na bendera yake, wakaahidi kutoka angalau mara moja kwa juma kushuhudia: sokoni, hospitalini, milangoni mwa watu. Wengi walikuwa wanawake. Mmoja wao, Leona Wu, alichukua uongozi wa vikundi hivyo, na mwaka 1937 akaanzisha shule ya Biblia. Kwa hiyo vita vilipokuja, lilikuwapo kanisa ambalo halikutegemea mgeni ili liweze kusali.

Vita vilikuja upesi. Wajapani walishuka kupitia Malaya, wengi wao kwa baiskeli, na tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri. Ilikuwa Jumapili, tena siku ya kwanza ya mwaka mpya wa Wachina. Kanisa kuu lilikuwa limegeuzwa hospitali, majeruhi wamelazwa sakafuni. Askari zaidi ya 80,000 wa Uingereza, Australia na India walichukuliwa mateka kisiwani. Katika majuma yaliyofuata maelfu ya wanaume Wachina walikusanywa na kuuawa. Bandari iliyojulikana dunia nzima kwa mali ikaanza kula mihogo.

Askofu wa Kianglikana alikuwa Leonard Wilson, aliyewekwa wakfu mwaka uliotangulia. Hapa pana jambo ambalo watu husahau. Ofisa wa Kijapani aliyesimamia mambo ya dini, luteni Andrew Ogawa, alikuwa mwenyewe Mwanglikana. Kwa mwaka mmoja alimwacha Wilson na mapadre wawili nje ya kambi, ibada zikaendelea. Wilson hakupoteza mwaka huo. Alijua siku yao inakuja, akawakabidhi wenyeji kazi, miongoni mwao D. D. Chelliah, Mtamil aliyekuwa mwalimu. Wamethodisti nao waliongozwa na mchungaji Hong Han Keng. Machi 1943 Wilson akapelekwa gereza la Changi, lililojengwa kwa wafungwa 600 na sasa lilikuwa na raia wapatao 3,000. Makanisa hayakufungwa. Kwa mara ya kwanza yaliongozwa na watu waliokuwa na makaburi ya wazazi wao hapo hapo, au waliokusudia kuzikwa hapo.

Oktoba 1943 polisi wa kijeshi walimchukua Wilson wakimshuku kuwa jasusi. Walimpiga siku tatu. Baada ya vita alieleza katika mahubiri ya redio ya BBC kwamba walimuuliza kwa nini Mungu wake hamwokoi, naye akajibu kwamba Mungu anamwokoa, si kwa kumwondolea maumivu bali kwa kumpa roho ya kuyavumilia. Alisema pia kwamba ilikuwa vigumu kuwatazama nyuso zao bila chuki, mpaka alipojaribu kuwawaza walivyokuwa watoto wadogo wakicheza na ndugu zao, kwa maana ni vigumu kumchukia mtoto. Miaka michache baadaye alimwekea mikono ya kipaimara mmoja wa wale waliomtesa. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na sitajifanya kwamba mimi ningeweza.

Upande mwingine wa Changi, katika kambi ya askari iliyofanywa hospitali, alilala bombadia Stanley Warren, mtu aliyekuwa akichora mabango ya matangazo kabla ya vita. Alikuwa na kuhara damu na ugonjwa wa figo. Kutoka wodini alisikia ibada ikiimbwa katika kanisa dogo chini yake. Mapadre wakamwomba apambe kuta. Rangi hazikuwapo, mateka wenzake wakaiba huku na huku wakamletea rangi ya kahawia ya kuficha magari ya vita, nyeupe kidogo, na chaki ya mchezo wa biliadi aliyoiponda kupata buluu. Alichora robo saa, akapumzika. Picha ya kwanza, ya kuzaliwa kwa Kristo, iliisha kabla ya Krismasi ya 1942, zikafuata nyingine hadi zikawa tano. Chini ya Yesu msalabani aliandika ombi la kuwasamehe wasiojua watendalo. Baadaye kuta zilipakwa rangi juu yake na moja ikatobolewa mlango. Warren alirudi kwao akidhani zimepotea, akawa mwalimu wa shule, mpaka mwaka 1958 zilipogunduliwa. Haikuwa rahisi kumrudisha kuzitengeneza. Alisema alikuwa amejaribu kwa miaka mingi kusahau. Alikwenda Desemba 1963, na akarudi tena mara mbili.

Jambo moja zaidi la Changi lilidumu. Ndani ya gereza lile Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri walikula uji mmoja na kusali chumba kimoja, wakapanga kwamba wakitoka watafundisha wachungaji pamoja. Chuo cha Theolojia cha Trinity kikafunguliwa 1948. Nikikumbuka ilivyotuchukua kukubaliana tu na majirani zetu kuhusu siku ya tamasha la pamoja la kwaya, naona wafungwa wale walitushinda.

Siku hizi? Singapore ilipata uhuru wake kamili tarehe 9 Agosti 1965, ikiwa haina maji ya kutosha wala shamba, na yaliyofuata mmeyasikia kwenye mikutano ya siasa. Wakristo walikuwa karibu asilimia 10 mwaka 1980. Katika sensa ya 2020 walifika karibu asilimia 19 ya wakazi wenye umri wa miaka 15 na zaidi, Wabudha wakiwa asilimia 31 na Waislamu 15.6. Kwa sababu watu wa dini mbalimbali wanaishi ghorofa moja, na kwa sababu mji ulishaonja damu ya ghasia mwaka 1950 na 1964, kuna sheria iliyopitishwa 1990 inayompa waziri uwezo wa kumnyamazisha mhubiri yeyote anayechochea uadui kati ya dini. Wahubiri wetu wa stendi ya matatu wangepata shida huko. Ardhi ni ghali mno: serikali hutenga viwanja vichache vya makanisa, hushindaniwa kwa zabuni, na anayeshinda hupewa kwa miaka 30 tu. Ndiyo maana makutaniko mengi husali kwenye kumbi za hoteli, sinema za zamani na majengo ya viwanda.

Utajiri umewajaribu. Kanisa moja kubwa, ambalo sitalitaja jina, lilitumia fedha za sadaka, jumla ya dola za Singapore zipatazo milioni 50, kwa njia za udanganyifu, baadhi zikiwa za kumjenga mwimbaji mmoja awe nyota wa muziki wa dunia, kisha nyingine za kufunika hesabu. Walisema ni njia ya kuhubiri kwa nyimbo. Viongozi sita walifungwa jela mwaka 2017. Nalitaja kwa sababu hiki ni kijitabu cha kwaya, na baadhi yetu tunakumbuka mjadala wetu wenyewe juu ya kurekodi ile video.

Lakini mtu anayetaka kujua kanisa la Singapore linaimbaje leo asiende kwenye ukumbi wenye taa nyingi. Aende Jumapili mchana kwenye ibada za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, Indonesia na Myanmar. Kwa miaka mingi mtumishi wa nyumbani hakuwa na siku ya kupumzika iliyolindwa na sheria. Tangu Januari 2013 ana haki ya siku moja kwa juma, ingawa mwajiri aliweza kukubaliana naye amlipe badala ya kumpa. Tangu 2023 siku moja kwa mwezi, angalau, hainunuliki. Siku hiyo wanawake hao huvaa vizuri, hukutana na watu wa lugha yao, na huimba. Zipo nyumba katika kanisa hili ambazo binti yao yuko Riyadh au Doha kwa kazi kama hiyo. Hao hawahitaji nieleze siku moja ya Jumapili ina thamani gani.

Sasa narudi nyuma, kwa maana kuna kisa kimoja cha vita nilichokiweka akiba kwa ajili ya kwaya.

Margaret Dryburgh alizaliwa Uingereza 1890, binti wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisomea ualimu, akasomea uuguzi, akaenda China kama mmisionari, kisha Singapore, ambako aliongoza shule ya wasichana na kupiga kinanda kanisani. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani. Wanafunzi walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Siku chache kabla mji haujaanguka alipandishwa meli pamoja na wanawake na watoto waliokuwa wakikimbia. Wajapani waliikamata meli, na wote wakafungwa Palembang, katika kisiwa cha Sumatra. Kwa hiyo huyu, kati ya wote niliowataja, hakubaki Singapore. Alichobaki nacho ni kazi yake.

Kambini aliendesha ibada kila Jumapili. Tarehe 5 Julai 1942 wanawake watatu, yeye akiwa mmoja wao, waliimba kwa mara ya kwanza wimbo wa sala alioutunga kwa ajili ya wafungwa, na tangu siku hiyo ukaimbwa kila Jumapili hadi vita vilipokwisha. Lakini kambi ilikuwa na wanawake wapatao mia sita pamoja na watoto, Waholanzi, Waingereza, Waaustralia na wengineo, ambao hawakuwa na lugha moja wala kitabu kimoja cha nyimbo. Mwenzake, Norah Chambers, alikuwa amesomea muziki London. Wawili hao wakapata wazo ambalo mwalimu yeyote wa kwaya angelionea wivu: kama lugha zinatutenga, tuache maneno kabisa. Na kama hatuna vinanda wala fidla, koo zetu ziwe ndizo fidla.

Dryburgh alikaa chini na penseli na vipande vya karatasi, akaandika kutoka kichwani muziki wa Dvořák, wa Chopin, wa Beethoven, akaugawa katika sauti nne za wanawake. Kutoka kichwani, narudia. Sisi hapa tuna wanaopoteza karatasi za solfa kati ya Jumamosi na Jumapili. Wanawake 30 walifanya mazoezi kwa siri, vikundi vidogo vidogo, nyuma ya majiko. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Tarehe 27 Desemba 1943 waliingia uani wakiwa na viti vyao vidogo, maana wengi hawakuwa na nguvu za kusimama, nguo zimechakaa, miguu mitupu. Dryburgh alieleza kwa maneno machache watakachosikia. Kisha wakaanza sehemu ya taratibu ya simfonia ya Dvořák, kwa "u" na "a" na mvumo wa midomo iliyofungwa. Wanawake walioketi walilia. Inasimuliwa kwamba mlinzi mmoja alikuja mbio akipiga kelele, bunduki mkononi. Norah hakugeuka, aliendelea kupunga mikono, na yule mlinzi akanyamaza, akasimama pale pale hadi mwisho.

Waliimba mara kadhaa tena katika mwaka wa 1944. Kisha malaria na njaa vikaanza kuchukua sauti. Aliondoka alto huyu, soprano yule, mpaka mazoezi yakakoma. Karibu nusu ya wanakwaya wale hawakurudi makwao. Aprili 1945 kambi ilihamishwa tena, safari ya siku kadhaa kwa mto, reli na lori, hadi kwenye shamba la mpira. Dryburgh alifika akiwa mgonjwa, akafa tarehe 21 mwezi huo. Vita viliisha Agosti.

Karatasi za nyimbo zilihifadhiwa na wachache waliopona. Nakala ya msichana mmoja Mholanzi aliyekuwa mwanakwaya ilifika Chuo Kikuu cha Stanford, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwaya ya wanawake ya California ikaziimba tena mbele ya watu, sauti zile zile nne, bila neno hata moja.

Wengi mnakumbuka Pasaka ile stima ilipotea katikati ya wimbo, kinanda kikanyamaza, na mwalimu wetu wa kwaya akatuashiria tuendelee kwa mvumo hadi mwisho wa ubeti. Tulidhani ni mbinu ya dharura tu. Leo jioni, katika namba ya tisa, amekubali tufanye hivyo makusudi. Mkiona vitabu vimefungwa na midomo imefungwa, msiseme kwaya imesahau maneno.